Bei ya Jumamosi

Jana binti yangu alichukua simu yangu, akafungua bei za kahawa ninazozitazama kila siku. "Baba, mbona namba haisogei? Simu imekwama?" Nikamwambia leo Jumamosi, mama, soko la kahawa la New York limefungwa hadi Jumatatu. "Kwa hiyo na kahawa inapumzika?"

Sikumjibu. Kichwani nilikuwa nimesharudi kwetu Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, Juni 1994.

Tarehe 25 ilikuwa Jumamosi. Ndio mwaka wanunuzi binafsi walipofunguliwa mlango, na mmoja alitufikia mapema na pikapu yake. Baba alikuwa na magunia manne ya kahawa ya maganda, kavu hadi inalia ukiichota. Kaka alikuwa anadaiwa ada. Wakapima, wakahesabu, pikapu ikaondoka.

Mwisho wa wiki huohuo sakitu, baridi ya kugandisha, ikaunguza mibuni Brazil, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote. Soko limefungwa, hakuna wa kununua wala kuuza, habari zikarundikana. Jumatatu bei ikafunguka kwa kuruka. Tarehe 9 na 10 Julai, tena Jumamosi na Jumapili, sakitu ikarudi. Ratili moja, ambayo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa chini ya dola 1, katikati ya Julai ilishapita dola 2.

Sisi tuliambiwa na jirani. Kahawa yake ilikuwa mbichi bado siku ile ya pikapu, ndiyo maana hakuuza. Alikuja jioni, redio begani, akasimama kando ya kichanja chetu cha kuanikia kahawa, kitupu, na kueleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Baba hakusema kitu. Aliinama, akaanza kuokota punje zilizonasa kwenye nyavu za kichanja. Moja moja. Zilizobana kwenye kona alizichokoa kwa kijiti. Alizitia kwenye kikombe cha bati, na kila punje nilisikia ikigonga, hadi kikombe kilipoanza kujaa na mlio ukafifia. Giza likaingia. Mama alimwita mara mbili. Jirani alikuwa ameshaondoka na baba bado anapapasa nyavu kwa vidole.

Hadi anafariki hakuuza tena kitu Jumamosi, hata kuku.

Nilipokuwa mkubwa nikaanza kuandika bei za Jumatatu daftarini, miaka na miaka. Jumatatu hushuka pia. Septemba, Brazil wanapongojea mvua ya kuchanua maua, ikinyesha Jumapili bei inaweza kuporomoka kesho yake. Siku yenyewe haina baraka wala laana, ila inabeba habari za siku tatu kwa mkupuo. Nilimweleza baba. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi ningengoja Jumatatu."

Angengoja, kaka angerudishwa nyumbani. Alilipiwa ada, akamaliza shule, na ndiye aliyenisomesha mimi. Hilo nimejaribu kulipima na yale magunia manne, na bado sijapata mizani yake. Siku hizi kahawa yetu inapitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, hadi mnadani, siku ya kuuza sichagui mimi. Lakini bei naitazama.

Binti yangu ameshaniagiza: kesho soko likifunguliwa mchana atakuwa darasani, kwa hiyo namba ya kwanza nimwandikie kwenye karatasi, aikute mezani.