Jozi za galaksi, usiku wa nne: zimeachana

Kongwa, Mei, giza la mwezi

Tangu mvua zikatike, orodha yangu ilikuwa imekwama kwenye jozi ya kwanza: NGC 4038 na 4039 (NGC ni orodha ya galaksi na vitu vingine hafifu vya angani), za kundinyota la Ghurabu. Mara tatu nimeandika daftarini "ukungu mmoja, umbo halieleweki". Jana nimeziona mbili.

Darubini ni ileile ya kioo cha milimita 200. Safari hii niliitoa uani kwa mama mdogo tangu saa kumi na mbili jioni ili kioo kipoe. Siku za nyuma nilikuwa naitoa na kutazama papo hapo, na naamini hapo ndipo nilipokuwa najipunja. Mama mdogo akakubali tuzime taa ya nje hadi saa tano.

Saa tatu na robo Ghurabu alikuwa karibu utosini. Ndiyo raha ya kukaa huku: jozi hii hupanda hadi nyuzi 77 hivi juu ya upeo wa macho, wakati London haifiki hata 20. Ila bomba likisimama wima hivyo, kulizungusha kwenye kitako chake cha mbao ni shida. Ukisukuma kidogo tu, linapitiliza. Nilianzia nyota Gienah, nikateremka kusini-magharibi polepole hadi nikaipata nyota nyingine, 31 Crateris. Kwa lenzi ya milimita 25, ikikuza mara 48, nyota hiyo na ukungu vinaonekana pamoja.

Nikaweka ya milimita 10, mara 120. Nikapeleka jicho pembeni kidogo ya ukungu, nikaligusagusa bomba kwa ncha ya kidole, maana kitu hafifu huonekana upesi kikitikisika. Ukungu ukajikunja kama kamba wa baharini, na upande wa magharibi pakafunguka pengo jeusi! Kipande cha kaskazini, 4038, ni kinene na kinang'aa zaidi. Pengo linakaa sekunde mbili tatu, linapotea, linarudi. Nikalichora hapohapo, na picha ya galaksi hizi ya kulinganishia sikuifungua hadi asubuhi: pengo liko palepale nilipolichora. Mikia mirefu ya nyota zilizotupwa nje galaksi hizi zilipovutana sikuiona kabisa.

Mwanaastronomia William Herschel aliziona mwaka 1785. Nilikaa nikilifikiria hilo mpaka miguu ikafa ganzi.

Jozi inayofuata, NGC 4567 na 4568, kule kwenye kundinyota la Mashuke, bado. Nilipata doa moja la umbo la yai, kisha upepo ukaleta vumbi nikafunika kioo. Leo naanza na hizo.