Asilimia 9

Leo nimerejea nyumbani kutoka Mai Mahiu, mji ulio chini kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, nikiwa na asilimia 9 tu ya chaji ya gari, na moyo wangu bado haujatulia.

Gari langu la umeme, ambalo niliagiza kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, lina betri ya kilowati-saa 24, na kila mwaka uwezo wake umekuwa ukipungua.

Asubuhi, tulipokuwa tukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa, binti yangu alisoma kwa sauti asilimia za chaji kwenye dashibodi: 61, 62, 63! Mota ilikuwa ikigeuza mwendo wa magurudumu kuwa umeme na kuurudisha kwenye betri.

Jioni, tulipoupanda mwinuko uleule nyuma ya malori, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, namba zilianza kushuka, naye akaacha kuzisoma.

Ukimya wake ndio ulionigusa.

Petroli sitairudia. Hata hivyo, gari lijalo nalitaka liwe na betri kubwa zaidi, inayopozwa kwa kimiminika, kwa kuwa joto huichakaza betri mapema.

Ndugu zangu mnaoendesha magari ya umeme, ninyi mngechagua lipi?