Nilivyotafiti seli za kinga za ubongo Moshi bila kugusa ubongo

Swali lililonirudisha maabara baada ya shahada ya uzamivu lilitoka wodini. Mgonjwa mwenye TB ya utando wa ubongo hupewa dawa za TB pamoja na deksamethasoni ya kutuliza uvimbe. Utafiti wa Vietnam uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 545, ulionyesha kuwa deksamethasoni hupunguza vifo. Mwaka 2023 ukatoka mwingine, wa Vietnam na Indonesia, uliofuatilia watu wazima 520 wanaoishi na VVU. Kwao nafuu hiyo haikuonekana wazi. Huku kwetu TB ya ubongo na VVU mara nyingi humkuta mtu mmoja, kwa hiyo nilitaka kujua seli za kinga zilizomo ndani ya ubongo hufanya nini zinapokutana na dawa hiyo.

Seli zenyewe ni mikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919, na mwaka 2010 utafiti wa panya ukaonyesha kuwa hutoka kwenye mfuko wa kiini cha mimba na kuhamia ubongoni mapema kabisa, mtoto akiwa bado tumboni. Hula vijidudu na mabaki, hutoa kemikali za kuwasha uvimbe, na VVU hujificha humo.

Utazipata wapi Moshi? Wenzetu wa Ulaya wana benki za ubongo, zinazohifadhi ubongo wa waliofariki kwa ajili ya utafiti. Uchagani marehemu anarudishwa nyumbani kuzikwa kihambani, na mimi nimeshakaa kwenye matanga ya kutosha kujua kwamba ombi la kubaki na kipande cha ubongo wake singelitoa mdomoni. Wala sikujaribu.

Njia niliyoifuata ilichapishwa na Wajapani mwaka 2014. Unachukua damu ya mkononi, unaimwaga taratibu juu ya kimiminika kizito na kuizungusha kwenye sentrifuji. Seli nyeupe hubaki katikati kama ukungu. Ukiziweka kwenye sahani, monosaiti, aina mojawapo ya seli hizo nyeupe, hunata chini na nyingine unazisuuza. Hapo unaongeza protini mbili, GM-CSF na IL-34, na kwa muda wa wiki mbili hivi monosaiti hurefuka, huota matawi na kuanza kufanana na mikroglia.

Kwenye karatasi ni rahisi. Seli hizo zinataka nyuzi 37 na asilimia 5 ya kaboni dayoksidi usiku na mchana, na umeme hauna habari na wiki zangu mbili. Nilipoteza sahani nyingi kabla sijapata inveta na betri za inkubeta peke yake, yaani kabati la kutunzia seli kwenye joto. Friji zilibaki kusubiri jenereta. Mlangoni nilibandika karatasi: umeme ukikatika, mtu asifungue hata kuchungulia. Joto hudumu ndani muda mrefu kuliko watu wanavyofikiri, tatizo ni mikono yetu. Gesi haikunisumbua kama nilivyoogopa, maana kaboni dayoksidi nchini kwetu huchimbwa ardhini kule Rungwe, kazi ni kuagiza mtungi mapema. Protini ndizo ghali. Siku zinapowasili nazigawa kwenye vichupa vidogo vya kutumika mara moja, kwa sababu kuziyeyusha na kuzigandisha tena huziua nguvu.

Damu ilihitaji maneno zaidi kuliko vifaa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tulikuwa nacho na fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiswahili, lakini mzee mmoja aliisoma yote, akavua miwani.

“Mwanangu, unasema unatafuta habari za ubongo. Mbona sindano unachoma mkononi?”

Nikamweleza.

“Na inayobaki mnaiuza wapi?”

“Haiuzwi, mzee. Haitoki hata Moshi. Twende nikuonyeshe.”

Nikampeleka maabara, akachungulia kwenye darubini seli za mchangiaji mwingine. Aliuliza kama zinaona. Wiki hiyohiyo akaniletea wadogo zake wawili. Tangu hapo nimefanya darubini kuwa sehemu ya maelezo ya ridhaa kwa anayetaka, na maswali ya kuuza damu yamepungua sana.

Sitii bakteria hai kwenye sahani, kwani TB hai inadai maabara ya usalama wa juu zaidi ya yetu. Natumia waliouawa. Seli zikikutana nao hutoa TNF, mojawapo ya zile kemikali za kuwasha uvimbe, kwa wingi, na deksamethasoni ikiwekwa hushuka, kama ilivyotarajiwa. Kinachonivutia ni kwamba haishuki sawa kwa kila mchangiaji.

Kila ninapowasilisha kazi hii huanza na kasoro yake: seli hizi zimetoka kwenye damu, hazikukulia ubongoni, hazijawahi kukaa jirani na neva. Anayetaka mikroglia halisi atafute penginepo. Lakini seli za benki ya ubongo ya Ulaya zina wenyewe, na wengi wao hawakuishi na TB mtaani. Hizi ni za watu wa Majengo, Pasua na Rau, hapahapa Moshi.

Sasa tumeanza kuwaandikisha watu wanaoishi na VVU wanaotumia dawa vizuri. Damu yao huchukuliwa asubuhi siku ya kliniki, wakiwa wamefika kwa shughuli zao, ili mtu asilipe nauli mara mbili kwa ajili yangu.