Mafuta ya nazi yakiganda Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, mafuta ya nazi hapa Njombe hayamwagiki. Kwetu Tanga chupa hukaa dirishani mwaka mzima na ukiiinamisha yanatoka. Huku baridi ikishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, yanakuwa jiwe. Kwa hiyo mwenzangu mwenye pumu ya ngozi uliyehamia Nyanda za Juu, yahamishie kwenye kopo la mdomo mpana, uchote kwa vidole.

Mimi pumu hiyo ninayo tangu utotoni: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni pale kola inapogusa. Pwani jasho ndilo lililonisumbua. Huku ni upepo mkavu, na maji ya kuoga.

Watu wa Njombe huoga maji yanayofuka moshi, na alfajiri ya Julai siwezi kuwalaumu. Ila ngozi yetu ina mafuta haba ya kujilinda, na maji ya moto huyachukua hata hayo, kisha muwasho unaanza kabla hujavaa. Mimi huchanganya beseni mpaka kiwiko kikiingia kisisikie moto wala baridi. Dakika tano, zikizidi sana kumi, nimetoka. Dodoki halinigusi. Sabuni isiyo na harufu ni ya kwapani, kinenani na miguuni. Kwingine maji yanatosha. Kuna wanaosema sabuni ya mche ni salama kwa vile haina manukato. Sabuni za namna hiyo zina pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 9 au 10, na ngozi yenye afya hupenda karibu na 5. Hata ile ya mwarobaini ya kupikwa nyumbani haiponi hapo.

Muwasho ukizidi, nasaga oti za uji ziwe unga laini kabisa, nakoroga konzi moja kwenye beseni mpaka maji yawe meupe na yateleze, najimwagia taratibu. (Shika ukuta, sakafu nayo inateleza.)

Halafu najikausha kwa kanga iliyochakaa, kwa kugusagusa tu, na ndani ya dakika tatu napaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapa ndipo penye kazi yote. Mafuta hayaleti maji, yanayazuia yasitoke. Ukipaka saa mbili baadaye umefungia ukavu. Usiku wa baridi kali naongeza mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Najua yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini. Ngozi yangu haijawahi kuuliza.

Majirani hunisifia mafuta ya parachichi, maana parachichi ndio utajiri wetu huku. Yana asidi ya oleiki (aina mojawapo ya asidi za mafuta) nyingi, sawa na ya zeituni, na ya zeituni yalipopimwa kwenye ngozi yalionekana kulegeza tabaka lake la nje. Ya parachichi nayatia kwenye kachumbari.

Shangazi yangu ndiye mgumu. Kila akipata mtu wa kumtuma kwenye basi la Tanga, ananiletea kifurushi cha singo ya kusugulia mwili: liwa, karafuu, mawaridi.

“Mwanangu, singo imemdhuru bi harusi gani?”

“Shikamoo shangazi. Hao hawakuwa na ngozi yangu.”

“Marahaba. Basi paka kidogo.”

Sipaki. Kusugua na manukato ni maadui wawili ndani ya mfuko mmoja. Nauweka kabatini, nguo zinukie. Na nguo zenyewe ni pamba kwanza, sweta la sufu juu yake.

Krimu za makopo yasiyo na lebo sokoni sizigusi. Nyingine zina steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) ambayo hakuna aliyekupimia. Steroidi aliyoniandikia daktari natumia, pale palipowaka tu na kwa siku alizosema, mafuta yakiendelea kwingine. Sehemu ikianza kutoa majimaji na kufanya gamba la njano, au ukapata homa, funika kopo la nazi uende hospitali siku hiyohiyo.