Notho wa Mlandizi: hatimaye vifaranga wamepanda juu

Wanaogelea. Jana jioni nilimulika beseni kwa tochi ya simu nikawakuta vifaranga wa notho, samaki wangu wadogo wa vidimbwi vya msimu, katikati ya maji, wametulia bila kugusa chini, wananyemelea chakula na kukidaka kwa kujipinda ghafla. Wapo wachache ambao bado wanaburura matumbo kwenye kona, lakini safari hii hao ndio wachache. Baada ya kulowesha mfuko baada ya mfuko wa mayai na kupata vilema watupu, nilikaa pale nikiwatazama mpaka chai ikapoa.

Historia naifupisha, wengi mnaijua. Hawa ni Nothobranchius melanospilus. Majike yao yana madoa meusi mwilini wakati majike ya aina nyingi za notho yana rangi moja tu ya tope, kwa hiyo kuwatambua si kazi. Wazazi walitoka kwenye kidimbwi cha msimu katika bonde la Ruvu, upande wa Mlandizi, mkoa wa Pwani, Tanzania. Masika kinajaa, Agosti unakikatiza kwa viatu. Nilipopita mara ya mwisho nusu yake ilikuwa imeshamwagiwa kifusi, na bikoni za viwanja zimeingia hadi kwenye matete. Mradi wenyewe ni huo: kuwaweka hai samaki wa kidimbwi hiki, kwa jina la kidimbwi hiki, bila kuwachanganya na wa kwingine hata kama sura ni moja.

Mayai hayajawahi kunisumbua. Dume anamkandamiza jike chini, yai moja moja linaingia kwenye usumba wa nazi, unakamua, unakausha juu ya gazeti mpaka ukiufinya usumba mkononi hautoi tone, unafunga kwenye mfuko, unaandika tarehe. Wanaolilia piti (mboji ya kinamasi) ya kuagiza nje siwaelewi. Makumbi yamejaa Pwani nzima. Yachambue, yachemshe na kumwaga mpaka maji yaache kutoka meusi, basi. Ndani ya mfuko kiinitete kinapita dayapozi zake, yaani vipindi vya kusimamisha ukuaji, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwa joto la chumba changu wengi wanairuka ile ya pili. Ukishaona kwa lenzi duara la dhahabu kuzunguka jicho, ujue samaki amekamilika humo ndani, anachosubiri ni maji.

Unamwekea maji, anaanguliwa ndani ya saa chache, halafu hapandi. Hapo ndipo nilipokwama muda wote huu.

Kwa ambao hawajawahi kuwaona watambaazi: kifaranga ana urefu wa milimita tano hivi. Analala chini, anapiga mkia kwa nguvu zote, anainuka sentimita moja, akiacha kupiga anashuka tena. Kula anakula, ukimpa artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba) unaona tumbo linageuka rangi ya chungwa. Kukua anakua pia, na hilo ndilo linalouma zaidi, kwa sababu anafikia kuwa na mapezi kamili na rangi zake zinaanza kuja huku bado anatambaa. Kibofu cha hewa hakikujaa. Samaki wa kundi hili wakishakua hawana njia ya kupitisha hewa kutoka kooni kwenda kwenye kibofu, kwa hiyo nafasi ni ile ya mwanzo tu. Ikipita, mtambaazi ni mtambaazi mpaka afe.

Kila mfugaji ana mshukiwa wake. Wa kwanza ni umri wa yai: ukilowesha mapema kiinitete hakijakomaa, ukichelewa kimeshamaliza akiba yake kikikusubiri. Nikagawa mfuko mmoja mafungu, nikayalowesha wiki tofauti. Watambaazi wakaja katika kila fungu. Wa pili ni joto. Wengi wanashauri maji ya nyuzi 18, na ndoo yangu mwezi wa Februari inacheza kwenye 30. Nikaingia kwenye biashara ya kugandisha chupa za maji na kuzizungusha beseni kwa beseni. Mantiki ipo: maji ya nyuzi 18 yanabeba kama miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5. Na kweli walioanguliwa wakaongezeka. Watambaazi nao wakaongezeka. Wa tatu ni kina, nikashusha maji hadi sentimita mbili. Wa nne ni vidonge vya oksijeni, vile vya kusafirishia samaki, na hivyo sitaki hata kuvizungumzia.

Kilichonigeuza ni habari za samaki wa baharini. Vituo vya Ulaya vinavyozalisha sibasi kando ya Mediterania viliwahi kuhangaika na vifaranga wasiojaza kibofu, na dawa yao kubwa ilikuwa kukwangua uso wa maji. Mafuta na uchafu laini vinaelea juu, kifaranga anafika pale kuchukua funda lake la kwanza la hewa, anagonga dari. Wakaweka vifaa vinavyopuliza uso wa maji na kusukumia uchafu ule pembeni, vifaranga wakapona.

Nikazima taa ya chumba, nikalaza tochi karibu usawa wa maji. Utando ulikuwepo, kama wa maziwa yaliyopoa, ila mwembamba kiasi kwamba ukitazama kutoka juu huoni kitu. Nikipuliza kidogo unakunjamana. Nikadondosha chembe za unga wa sembe: upande mmoja zilitawanyika, upande wa pili zilinasa pale pale zilipoangukia. Maji yenyewe ni masafi, yana rangi ya chai ya rangi na harufu nzuri ya usumba. Usumba uliokaa miezi mfukoni ukilowa unaachia vitu vyake, bakteria wanafanya karamu, na ndani ya saa chache dari limeshajengwa. Saa hizo hizo ndizo ambazo kifaranga wa milimita tano anatakiwa apande.

Dawa ya kwanza ilikuwa gazeti. Unalaza karatasi juu ya maji, unaivuta taratibu upande mmoja, inaondoka na utando. Tishu inayeyuka, karatasi ya daftari haifyonzi, gazeti ndilo lenyewe, tena kurasa zisizo na picha kubwa za wino. Nilivuta mara kwa mara tangu mayai yalipolowa mpaka usiku, na kwa mara ya kwanza nikapata wanaoogelea wa kutosha kuitwa kundi. Lakini ukilala saa mbili tu utando unarudi, na mimi asubuhi nina kazi.

Sasa, nikiwa navuta gazeti usiku wa manane nikajiuliza: kule Mlandizi nani anavuta gazeti? Kidimbwi kimejaa majani yaliyooza, kinyesi cha ng'ombe, na tope ambalo halijaona maji tangu mwaka uliopita. Utando pale ungepaswa kuwa mara kumi ya huu wangu. Jibu likawa limekaa wazi. Kidimbwi kinajazwa na mvua, na mvua haiishi siku ile ile. Vifaranga wanaanguliwa huku matone bado yanapiga na upepo unapuliza. Uso wa maji hautulii hata ukapata nafasi ya kujenga dari. Beseni langu lilikuwa na kila kitu cha masika isipokuwa mvua.

Nilikuwa na mpango wa kutengeneza jedwali zuri la joto, nyuzi 18, 22 na 26, mabeseni pembeni pembeni. Nimeliacha. Badala yake nikatoboa kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa sindano iliyopashwa moto, nikaining'iniza juu ya beseni, nikawa nalegeza kifuniko mpaka ikadondosha tone moja moja sehemu mbalimbali. Mvua usiku kucha. Hao mliowasikia mwanzo ndio waliotoka humo.

Matone yanafanya kazi mbili kwa mpigo, yanavunja utando na yanaingiza oksijeni. Ili kutenganisha, beseni lijalo litapata pampu ya hewa yenye jiwe lililosukumwa kona, mapovu ya kutosha kwa oksijeni lakini sehemu kubwa ya uso wa maji imetulia. Wakitambaa hao, mwenye hatia ni utando.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa mtaniuliza. Darubini ya kuchomeka kwenye simu niliyonunua kwa pesa nyingi inakaa kabatini. Lenzi ya sonara ya mara 10 inaonyesha jicho la kiinitete vizuri kuliko hiyo, na haihitaji chaji. Kuhamisha vifaranga natumia bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ncha imekatwa kwa wembe na kulainishwa kwa moto wa mshumaa. Kalamu ya kupimia TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) ni pambo. Na wale mnaolalamikia visima vya Dar kwa chumvi, mshukuruni Mungu: maji yasiyofaa kwa chai ndiyo yanayozuia ule ugonjwa wa vumbi la dhahabu kwenye ngozi unaofagia notho beseni zima. Waliozoea maji ya mvua peke yake huongeza chumvi kwa kijiko. Mimi nachota tu.

Artemia ni kilio kingine. Muuzaji mmoja aliniletea mayai yaliyokufa zamani, kopo zima, hayakuangua hata kijiko. Wenzetu wa Kenya wana bahati, maana artemia waliwekwa kwenye mashamba ya chumvi ya Malindi na Gongoni tangu miaka ya 1980 na wapo mpaka leo. Msiichanganye Gongoni hiyo na ile ya Kwale, kwenye msitu ambamo alipatikana Nothobranchius sylvaticus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2024. Huyo anaishi kwenye maji ya msimu yaliyo chini ya miti ya msitu, jambo la ajabu kwa notho, na makazi yake yote ni eneo dogo hilo hilo. Msitu ukipotea, naye kwisha.

Hilo linanirudisha kwenye kifusi. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar, yaani ardhioevu zinazotambuliwa kimataifa, na yote ni makubwa: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, Rufiji-Mafia-Kilwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 ina mita zake 60 kutoka mtoni na ziwani. Kidimbwi kinachokauka Julai nani atakipimia mita 60? Mnunuzi wa kiwanja anakuja Septemba, anaona ardhi tambarare iliyopasuka pasuka, analipa. Mayai yako sentimita chache chini ya viatu vyake.

Jirani yangu ana suluhisho jepesi: niwamwage kwenye mitaro ya mtaani ili wakawale viluwiluwi wa mbu. Hapana. Mtafiti Martin Reichard na wenzake, waliowachunguza sana notho wa Msumbiji, waliwahi kulipinga wazo hilo. Notho hadumu kwenye kila dimbwi. Anahitaji udongo wa chini wenye mfinyanzi wa aina ya montimorilonaiti, ule mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa sababu ndio unaolinda mayai kiangazi kizima. Mtaro wa zege hauna hilo. Halafu ukimwaga samaki wa Ruvu kwenye maji ya kwingine unaharibu ukoo ambao pengine ulijitenga kwa maelfu ya miaka. Mifuko yangu yote ina jina la mahali na mwaka, na usio na jina hauingii kabatini.

Na udongo huo ndio ulionivuruga akili wiki hii. Kama mbuga ndiyo nyumba yao, kwa nini mimi nahangaika na usumba unaotengeneza dari? Nimeleta ndoo ya udongo kutoka ukingo wa kidimbwi, upande ambao kifusi hakijafika. Nimeukausha, nimeutwanga, nimeuchekecha kwa chekecheke la unga (nyumbani hawajafurahi), na sasa jozi moja inataga juu yake. Tatizo linaonekana tayari: mayai ya milimita moja kwenye udongo mweusi huyaoni, kwa hiyo kukagua jicho la dhahabu itakuwa kubahatisha. Nafikiria kuweka mayai machache ya mfano kwenye usumba, mfuko uo huo wa tarehe, nikisoma hayo kwa niaba ya wenzao.

Yasiyoangua safari hii sijayatupa. Notho haweki mayai yake yote kwenye mvua moja, na ukanda huu wenye vuli na masika una mvua za kudanganya. Nimeyakausha tena, yatalowa mwezi ujao.

Ijumaa nalowesha mfuko uliokomaa zaidi: nusu chini ya mvua ya chupa, nusu kwa pampu. Shida yangu ndogo kwa sasa ni ukubwa wa matone. Tundu la sindano ya kushonea linatoa tone zito linalowagonga vifaranga na kuwazamisha, na nikilipunguza linaziba kwa chokaa ya maji ya kisima kabla ya alfajiri. Mwenye kifaa cha dripu ya hospitali aliyewahi kukijaribu kwa kazi hii aniambie kama kinadhibiti vizuri, au niendelee kutoboa chupa.