Mtoto wa mpiga kinanda ndani ya baa

Sebuleni kwa Bibi, Kibosho, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ilikaa juu ya redio, na hakuna aliyethubutu kuigeuza hata kwa kufuta vumbi. Baba ni mpiga kinanda parokiani. Sasa mtu wa malezi hayo unamwambiaje aende kwenye baa ya Atlanta, Marekani, iliyojaa picha zilezile, zimeandikwa utani juu yake?

"Shem, twende tu," mume wa dada yangu alisema. "Hulazimishwi kunywa."

Jina refu la baa yenyewe: Sister Louisa's Church of the Living Room and Ping Pong Emporium. Wenyeji wanasema Church, yaani Kanisa, basi. Iko Edgewood Avenue, karibu kabisa na Ebenezer Baptist, kanisa alilohubiri Martin Luther King. Aliyeianzisha ni msanii Grant Henry, ambaye aliwahi kusoma seminari. Sista Louisa hayupo. Ni sista wa kubuni aliyeacha utawa, na ndiye "anayechora" hizo picha. Ukweli ni kwamba Henry huchukua picha za dini za mtumba na kuziandikia maneno yake.

Mengine siyarudii hapa, mama anasoma. Yapo ya kitoto, mtu anataka tu kushtua. Ila yale mazuri yanawagonga wanafiki wa kanisani, wale wa kuhesabu nani hajakomunika, na huwezi kuyatunga kama hujakaa benchi la mbele miaka mingi. Hayo nilicheka mpaka nikajishika mdomo.

Usiku huo ulikuwa wa karaoke ya kinanda. Unachukua joho la kwaya, unavaa, unapanda kuimba. Kabla yangu alipanda jamaa mwenye ndevu na viatu vya kisigino kirefu, halafu mzee wa kofia ya besiboli, halafu wanaume wawili walioshikana mikono. Ukumbi uliwashangilia wote sawasawa. Sauti ya kwanza walikuwa nayo tele, ya pili hakuna, nikashindwa kuvumilia. Nikavaa joho, nikaweka kola sawa, nikaingia na alto.

Jumapili nikampigia baba, nikamweleza yote isipokuwa sangria, ule mvinyo wa matunda. Akakaa kimya muda mrefu.

"Huyo mpigaji," akauliza, "anawafuata waimbaji, au wao wanamfuata?"

"Anawafuata, baba. Hata wakipotea."

"Hm. Huyo anajua kazi."