Namba Iliyoshuka

Nyuma ya daftari langu la kliniki nilikuwa nimechora safu kwa kalamu nyekundu. Juu kabisa palikuwa na 143, ya mwaka 2006 nilipoanzishwa dawa za VVU. Siku hizo, kama hujazidiwa na ugonjwa, ulisubiri CD4, zile chembe za kinga ndani ya damu, zishuke chini ya 200 ndipo upewe. Zikafuata 221, 340, 415, mpaka 612. Jioni nyingine nililifungua daftari lile bila sababu yoyote, kama mkulima anavyokwenda kutazama mahindi ambayo hayahitaji tena palizi.

Mwaka 2015, hapa Busia ya Uganda, musawo, mhudumu wetu wa kliniki, akaniandikia 388.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimelishika daftari wazi. Mama mmoja wa foleni akachungulia, akaninong'oneza kwamba kuna mizizi inauzwa upande wa Kenya, inapandisha CD4 kwa wiki mbili. Sikumjibu. Mimi nilikuwa na jambo langu lililonikaa kooni: miezi miwili nyuma nilikwenda Majanji, kando ya ziwa, kufuata mukene, dagaa ninaowauza, lori likaharibika, nikalala huko mara mbili bila dawa. Vidonge nilikuwa nimeviacha nyumbani. Nilijiambia ni kwa haraka ya safari, lakini ukweli ni kwamba sikutaka wanawake wa mwaloni wanione nikimeza. Musawo aliponiuliza kama kawaida, nilisema sijaruka hata siku moja.

Nikarudi chumbani kwake.

"Musawo, nilikudanganya."

Nikamweleza yote. Aliniacha nimalize, akavuta kiti karibu.

"Mama, asante kwa kuniambia. Karibuni umeumwa?"

"Malaria. Nimemaliza dawa wiki iliyopita."

"Basi hiyo peke yake inaweza kuzishusha. Hata saa ya kutoa damu inabadilisha hesabu: mchana huwa chini, jioni zinapanda. Hizi CD4 ni askari. Tunaowahesabu ni wale walio barabarani, ndani ya damu. Wengi wako kambini, kwenye tezi. Namba moja ikishuka hatulii, tunauliza."

"Na zile siku za Majanji?"

"Hizo siwezi kuzijua kwa kuhesabu askari. Tumhesabu adui mwenyewe."

Kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa bado kigeni kwetu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimepimwa kinga tu, wala sikujua kwamba virusi vinaweza kuanza kuongezeka miezi mingi kabla CD4 hazijashuka. Hilo liliniuma, kwa sababu safu yangu nyekundu nilikuwa nimeiamini kuliko kitu chochote. Musawo akadondosha damu yangu kwenye kadi yenye miduara mitano, akaiacha ikauke. Kijana wa pikipiki angeichukua pamoja na za wenzangu, ianze safari ya kwenda maabara kuu Kampala. Akanieleza kwamba vikizidi 1000 kwa mililita, hatanibadilishia dawa siku hiyo hiyo: tungekaa kwanza tuzungumze juu ya umezaji wangu kwa miezi kadhaa, kisha tupime tena.

Wiki sita nilisubiri. Niliuza mukene, nikarudisha chenji isiyo sahihi, nikamfokea mwanangu kwa kuvunja kikombe. Kila usiku saa tatu nilikuwa nimeshashika kidonge kabla simu haijalia. Nilihesabu vilivyobaki kwenye kopo, nikavihesabu tena.

Siku ya majibu musawo hakuningoja nikae. Alinigeuzia karatasi, akaweka kidole chini ya mstari: virusi havikuonekana. Nililia pale pale, na yeye akafunga mlango ili foleni isinione. Akanionya vilevile kwamba havijaisha mwilini, vimelazwa tu, na dawa ndiyo inayovilaza. Nikamwambia nimesikia.

Nyumbani nilifungua nyuma ya daftari. Kando ya 388 nilichora safu ya pili. Namba ya kuandika haikuwepo, nikaweka tarehe.

Sasa hivi vidonge vya siku tatu hukaa vimefungwa kwenye pindo la leso yangu, hata kama naenda sokoni tu. Na Majanji nikifika, saa tatu ikigonga, naomba maji kwa mwanamke yeyote aliye karibu.